Bunga ya Januari Huamuliwa Februari

Kati ya Desemba na Februari, jamaa nyingi za Lubumbashi huacha kununua bunga, yaani unga wa mahindi, kwa gunia na kurudi kwenye meka, kile kipimo cha bati ambacho muuzaji hukijaza mpaka kifanye kilima, kisha hukizungushia kiganja ili kilima kisianguke. "Mama, meka leo ni ngapi?" Jibu likipanda wiki mbili mfululizo, wa kulaumiwa hapatikani kwa shida: mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, ushuru, wafanyabiashara wakubwa, dola, barabara, serikali. Kila lawama ina ukweli wake. Ila kuna mhusika mmoja ambaye masoko ya mji wetu, lile la Kenya na lile la Mzee, hayamtaji, maana hana lori wala ofisi. Ni udongo mwekundu wa mashamba yetu, na namna unavyoishiwa maji katika wiki za mwisho za mvua, mwaka mzima kabla ya meka ile kupanda bei.

Mahindi tunayoyatafuta Januari yalichanua Februari ya mwaka uliotangulia. Ikiwa wiki zile zilikuwa mbaya, ghala liliishiwa mapema, na pengo likazibwa na unga wa kununua ng'ambo. Kwa hiyo, anayetaka kuielewa bei ya bukari, ugali wa Lubumbashi, inambidi aanze shambani, kwenye mwezi ambao mjini hakuna anayeuangalia isipokuwa kwa sababu ya matope barabarani.

Mvua tele, msimu mfupi

Kwa karatasi, mkoa wetu wa Haut-Katanga hauna sababu ya kulia ukame. Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hupata milimita 1,200 hivi za mvua kwa mwaka. Hindi linahitaji milimita 500 hadi 800 tangu kupandwa mpaka kukomaa. Ziada ipo.

Tatizo ni mpangilio wake. Desemba, Januari na Februari, kila mmoja kwa kawaida huleta zaidi ya milimita 200. Machi bado hukaribia 200. Halafu Aprili huanguka mpaka 60 hivi, Mei ni matone, na Juni hadi Agosti anga hukauka kabisa. Mvua hii hulifuata jua. Jua likiwa kusini, pepo zenye unyevu kutoka bonde la Kongo na upande wa Atlantiki hukutana juu yetu na pepo za mashariki, na hewa hiyo ikipanda hunyesha. Machi jua linaporudi kaskazini, makutano hayo huhama nalo, na upepo mkavu wa kusini-mashariki huchukua mahali pake. Hatuna vuli wala mvua ya pili ya kurekebisha makosa, kama waliyo nayo wakulima wa nchi ya Kenya au wa kaskazini mwa Tanzania. Anayekosa Machi husubiri Novemba.

Hata kabla ya mwisho huo, mvua hukatika. Siku saba, kumi, wakati mwingine kumi na nne za jua kali huweza kuingia katikati ya Februari, kisha mvua ikarudi kwa nguvu na kujaza kipimo cha mwezi. Mwisho wa mwaka, daftari la mvua litasema msimu ulikuwa wa kawaida. Daftari la ghala litasema jambo jingine.

El Niño nayo hutuchanganya. Kusini mwa Afrika huleta ukame, na Afrika Mashariki mara nyingi huleta mvua nyingi mwishoni mwa mwaka. Haut-Katanga iko karibu na mshono wa pande hizo mbili, kwa hiyo tangazo kwamba huu ni mwaka wa El Niño halimwambii mkulima wa Kipushi au wa Kasenga jinsi Februari yake itakavyokuwa. Kilicho hakika zaidi ni kalenda yake mwenyewe. Aliyepanda katikati ya Novemba huona ndevu za mahindi mwishoni mwa Januari, katikati ya mvua. Aliyepanda siku chache kabla ya Krismasi huziona kuelekea Machi, na punje zake zinahitaji wiki nyingine saba hivi kujaa. Hesabu hiyo inamfikisha katikati ya Aprili, wakati mvua imekwisha kufunga safari. Kuanzia hapo anaishi kwa akiba ya ardhini.

Bidoni moja na nusu

Akiba hiyo ni kiasi gani? Hesabu yake yafaa kufanywa kwa vipimo vya nyumbani. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita mraba. Udongo wa aina yetu unaweza kuuachia mmea maji yanayofikia takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Kama mizizi imeishia sentimita 30, kila mita mraba ina lita 30 zinazonyweka, yaani bidoni ya lita 20 na nusu yake. Shamba la mahindi yanayochanua, chini ya jua la Februari, hunywa lita tano hivi kwa siku kwa kila mita hiyo. Bidoni moja na nusu inakwisha siku ya sita, na mateso huanza mapema zaidi, kwa sababu nusu ya mwisho ya maji hushikwa na udongo kwa nguvu.

Sasa mizizi hiyo hiyo ishushe mpaka sentimita 90. Akiba inakuwa lita 90, bidoni nne na nusu. Kiangazi kidogo cha siku kumi kinapita bila mkulima kupoteza usingizi. Mvua haikubadilika hata tone; kilichobadilika ni kina cha mizizi.

Kwa nini basi mizizi haishuki? Udongo mwekundu unaotuzunguka, ambao wanasayansi huuweka katika kundi la feralisoli, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu kupita kiasi. Kalisi, magnesi na potasi zimekwenda na maji. Chuma na alumini zimebaki. Chuma ndiyo rangi tunayoirudisha nyumbani kwenye viatu. Alumini ndiyo adui. Udongo ukiwa na asidi nyingi, alumini huyeyuka na kudhuru ncha za mizizi, na mzizi ulioumia ncha hauendelei chini. Hukunjamana na kutambaa juu juu. Udongo huu una mfinyanzi mwingi, lakini mfinyanzi wenyewe umejifunga katika chembe ndogo ndogo, hivyo maji ya mvua hupita katikati yake upesi, karibu kama kwenye mchanga.

Ingia katika shamba kando ya barabara ya Kasenga mwishoni mwa Februari, siku ya nane bila mvua. Mahindi yakijikunja majani saa nane mchana na kuyakunjua jioni, bado yanajitetea. Yakiwa yamejikunja saa nne asubuhi, yameshindwa. Chukua jembe, chimba kando ya shina. Juu ni vumbi. Kwenye kina cha kiganja udongo bado unamomonyoka vidoleni. Ukifika kina cha mkono mpaka kiwiko, rangi inakuwa nzito. Ukiufinya, udongo unashikana kama donge la bukari. Pana unyevu, lakini hakuna hata uzi mmoja wa mzizi. Mmea unakufa kwa kiu juu ya maji yake wenyewe.

Kinachofuata ni jambo la siku chache. Mbelewele hutoa chavua kwa wakati wake, lakini ndevu, ambazo kila moja ni njia ya punje moja, hukawia kutoka kwa kukosa maji. Zinapotokeza, chavua imekwisha kupeperuka. Baadaye mvua hurudi, majani hukunjuka, na mpita njia husifu shamba lilivyo kijani. Mei mkulima akimenya, anakuta gunzi lenye mapengo kama kinywa cha mzee. Kiwavijeshi vamizi, ambaye Afrika ilianza kumwona mwaka 2016, naye hufaidi vipindi hivyo vya jua: mvua kubwa huwaangusha na kuwazamisha viwavi wadogo, ukavu huwaacha wale kwa amani.

Kila zao na siku yake mbaya

Si mazao yote yanayoiogopa Februari. Muhogo una mizizi mirefu na subira ya kuangusha majani na kuchipua tena. Ndiyo maana sombe, mboga ya majani yake, haikosekani hata mwaka mbaya. Viazi vitamu vilivyopandwa Januari hunyemelea unyevu wa mwisho na kuvunwa kiangazi. Maharage mara nyingi hupandwa kwa makusudi katika nusu ya pili ya msimu, ili yakomae mvua ikiondoka, maana mvua nyingi huyaozesha. Kwa mwenye maharage, mwisho wa Machi ndio mtihani: mvua ikikata wiki mbili mapema, maganda hubaki matupu.

Karanga ni kisa kingine. Ua lake likishachavushwa hushusha kijiti kinachoingia ardhini, na ganda hukua humo. Ardhi ikiwa ngumu, kijiti hakiingii. Ikikauka kabla ya kuvuna, jembe linang'oa shina na kuacha karanga chini. Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Joto na ukavu wa wiki za mwisho huidhoofisha punje, na kuvu wa sumukuvu, ile aflatoksini, huingia hapo. Zao likianikwa vibaya baadaye, sumu huongezeka. Mahindi nayo yana hatari hiyo hiyo. Mwaka mwingine uovu huja kinyume: mvua ya Aprili ikakataa kuondoka, mahindi yaliyokomaa yakaota kwenye maganda yake na kuoza yakiwa yamesimama.

Kisha kuna mabonde yenye majimaji, ambako lenga-lenga, kabeji na nyanya za mji hulimwa kiangazi. Bustani hizo zinaishi kwa maji yaliyozama ardhini Februari na Machi na kutokeza polepole bondeni. Msimu ukimalizika vibaya juu mlimani, Septemba mama wa bustani huchimba kisima chake kwa kina zaidi. Kwa hiyo mwisho wa mvua hugusa bukari na mboga yake pia.

Kula shamba la jirani

Mji huu haukuwahi kujilisha wenyewe. Mwaka 1910, mwaka ambao Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianzishwa, reli kutoka Rhodesia ilifika, na pamoja na mashine za mgodi ikaleta unga wa wafanyakazi. Wabelgiji walijaribu kuweka wakulima wa kizungu kandokando ya mji. Wengi wao hawakudumu. Kununua kusini kulikuwa rahisi kuliko kuihangaikia ardhi hii yenye asidi. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, malori ndiyo yamechukua kazi ya behewa, lakini njia ni ile ile: Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka katikati ya mji.

Mazoea hayo yana mantiki mpaka jirani apate Februari mbaya. Mwaka 2024 aliipata. Mvua ilikatika kusini mwa Zambia katika wiki zile zile za kuchanua, na tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la taifa: wilaya 84 kati ya 116 ziliguswa, na karibu hekta milioni moja za mahindi, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, zikaharibika. Zambia yenyewe ikageuka mnunuzi, ikitafuta mahindi Tanzania. Agosti mwaka huo huo, mvutano wa kibiashara ukafunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache, na Lubumbashi ikajifunza kwa mara nyingine tena kwamba jiko lake lina mlango mmoja.

Hapa ndipo pa kutafakari. Nusu ya kusini ya Zambia ndiyo iliyoumia zaidi. Kaskazini, kuelekea kwetu, mvua ilikuwa na huruma zaidi. Maana yake, tulilipa ukame ulioonyesha makucha yake mamia ya kilomita kutoka mashamba yetu. Tumeikodisha hali ya hewa ya wengine, na kodi yake hupanda bila notisi. Mwaka 2025 Zambia ilivuna vizuri mno, zaidi ya tani milioni 3.6 za mahindi, na mjadala wa kujilisha ukapoa.

Hekta si jibu

Viongozi wameona tatizo, na jibu lao limekuwa ukubwa. Moïse Katumbi, akiwa gavana wa Katanga, aliyataka makampuni ya migodi kulima hekta 500 kila moja. Serikali ya Kinshasa imeitegemea Service National, ambayo vijana wake hulima mahindi Kaniama-Kasese, Haut-Lomami, na shehena zake zimeletwa kuuzwa Lubumbashi kwa bei nafuu. Si juhudi za kudharau. Trekta hulima haraka, na kulima haraka maana yake ni kupanda Novemba badala ya Krismasi.

Lakini hekta 500 zenye mizizi ya sentimita 30 ni hekta 500 za bidoni moja na nusu. Mbolea nayo, ikimwagwa juu ya asidi, huishia mkononi mwa udongo: chuma na alumini huikamata fosforasi kabla mzizi haujaifikia. Ndiyo sababu mkulima mdogo anayevuna tani moja hivi kwa hekta huona mbolea ni pesa iliyotupwa, na kwa shamba lake pengine hakosei.

Waliokaa na ardhi hii muda mrefu wanajua mahali pa kutazama. Uwanda wetu umejaa vichuguu vya mchwa, vingine vikifikia mita nane kwenda juu. Udongo wake una kalisi zaidi na asidi kidogo kuliko ardhi inayouzunguka, na mahindi yanayopandwa juu yake au kwenye udongo uliosambazwa kutoka humo huonyesha tofauti hata kwa aliye garini. Mchwa wamefanya kwa karne nyingi kazi ambayo sisi tungepaswa kuifanya kwa chokaa. Na vichuguu hivyo tunavifanyaje? Tunavivunja, tunavigeuza matofali ya kuchoma, kwa moto wa kuni za msitu ule ule unaotupa makala.

Chokaa yenyewe haiko mbali. Mawe yake yako Kakontwe, Likasi. Nyingine huvuka Kasumbalesa kwa malori kwenda migodini, ambako hutumika kupunguza asidi katika uchenjuaji wa shaba na kobalti. Kila siku dawa ya asidi hupita kando ya mashamba yanayougua asidi. Shamba halihitaji hata chokaa iliyochomwa. Jiwe la chokaa lililosagwa vizuri linatosha, na ni rahisi zaidi kutengeneza. Tusidanganyane: hekta moja yaweza kudai tani kadhaa, gharama ya usafiri ni kubwa kuliko jiwe lenyewe, na chokaa haishuki haraka chini ya pale jembe lilipoichanganya. Ni kazi ya miaka. Lakini ni kazi inayobaki ardhini, tofauti na ruzuku ya unga inayoliwa wiki moja.

Zipo hatua zisizongoja lori. Mabua ya mahindi, ambayo Agosti huchomwa mpaka jua la Lubumbashi linageuka jekundu kwa moshi, yakiachwa juu ya ardhi huikinga na jua na kuulisha udongo. Zambia, tangu miaka ya 1990, wakulima wengi wamefundishwa kuchimba mashimo ya kupandia wakati wa kiangazi, kuweka samadi humo, na kupanda mvua ya kwanza ya kweli ikishuka. Mbaazi zikichanganywa na mahindi hutoboa ardhi kwa mizizi yao mirefu. Kila moja kati ya hizi huongeza siku mbili tatu kwenye akiba, na katika Februari iliyokatika siku tatu ndizo zinazoamua kama ndevu zitakutana na chavua.

Inabaki habari. Redio humwambia mkulima kama itanyesha. Kujua kiasi cha maji kilichobaki shambani mwake ni juu yake mwenyewe. Satelaiti zinazopima unyevu wa udongo zipo, SMOS ya Ulaya tangu 2009 na SMAP ya Marekani tangu 2015, ila jicho lao huona sentimita tano tu za juu. Jembe huona zaidi. Kama kila Februari chama cha wakulima kingechimba shimo moja katika kila kijiji, kikaandika mizizi imefika wapi na unyevu unaanzia wapi, mkoa ungejua mwezi Machi ghala la Desemba litakuwaje, na ungeagiza mahindi yakiwa bado na bei ya mavuno.

Barabara mbovu, hata hivyo, zitaendelea kuozesha mahindi ya Mitwaba na Pweto hata udongo ukipona, na ushuru wa njiani hautaondolewa na chokaa. Hilo nalikubali. Ila barabara nzuri inayotoka kwenye shamba la gunzi lenye mapengo haina mengi ya kubeba.

Tena kuna fundo moja ambalo sera hazijaligusa. Wiki ambazo meka huwa ghali kuliko zote ndizo wiki ambazo mahindi mapya yanataka palizi. Mkulima aliyeishiwa bunga Januari hawezi kushinda shambani kwake; anakwenda kulima kwa mwenye nacho ili apate cha kupika jioni. Shamba lake linabaki na magugu, na magugu yanakunywa kutoka bidoni ile ile moja na nusu. Kwa hiyo Februari inapokata mvua, inamkuta tayari amekwisha kugawana maji yake na majani. Mavuno yanapungua, bunga inaisha mapema zaidi, na Januari ijayo anatoka mapema zaidi kwenda shamba la mtu.